Wageni wa Mama Kasimiri

Jumatatu, 6 Februari 1995
Nchi nzima itangaziwe: soksi yangu ya kushoto imestaafu leo asubuhi, baada ya utumishi mrefu na mwaminifu. Kisigino kilitangulia, kidole gumba kikafuata. Hakuna mchungaji aliyehudhuria. Wote tulikuwa darasani.

Kozi ya juu ya huduma za kichungaji, wiki ya pili. Somo: kumsikiliza mwenye msiba. Usimkatize. Usimwambie ni mpango wa Mungu. Usitazame saa. Hilo la mwisho nimelifaulu. Sina saa.

Jumanne, 7 Februari
Mazoezi kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Pikapu inatushusha barabarani, na nyumba ya kwanza ni ya Mama Kasimiri. Turubai la bluu, mlango wa gunia. Mwanawe Kasimiri, mtoto wa miaka sita, alimpotea kwenye msongamano walipokuwa wakivuka mpaka. Hajui kama yu hai.

Niliingia na Zabroni, mwinjilisti wa Lusahunga. Huyu amezoea kuwahubiria madereva wa malori huku injini zinanguruma, kwa hiyo hata pole anaisema kwa kelele. Mama aliazima kigoda kwa jirani, akapuliza moto, akatupa uji. Mwenyewe hakunywa. Tulimsikiliza sana. Alikuwa akitazama mlangoni kila mara. Kwenye taarifa nimeandika: ana wasiwasi. Mwalimu wetu, Mchungaji Elikana, ameandika: vema.

Alhamisi, 9 Februari
Tena kwa Mama Kasimiri. Wenzetu wawili walikuwa wanatoka, wawili wengine wako nje wanangoja zamu. Wote tunatumwa kwake kwa sababu yuko karibu na barabara. Kila anayeingia anapewa uji. Kuni anazifuata mbali, anazibeba kichwani.

Nilipotoka, jirani yake, bibi mmoja mkali, akanishika shati. Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu. Nilielewa kila neno, kwa bahati mbaya.

“Ninyi watu wa Mungu, mtamwacha lini?”

“Bibi, tunamfariji.”

“Mnamfunga! Jumanne na Alhamisi asubuhi watu wa misaada wanabandika picha za watoto waliookotwa, kule juu. Mchana wanazibandua, wanazipeleka kambi nyingine. Ataendaje kuzitazama na nyumba imejaa ninyi?”

Kwetu Bukiriro ni hivyo hivyo. Mgeni haachwi peke yake ndani, hata akiwa mzigo. Sikuwahi kudhani mzigo ni mimi.

Ijumaa, 10 Februari
Nimemweleza Mchungaji Elikana. Ni mtu mwema, alishika kichwa. Lakini Jumanne wafadhili wanakuja kuona mazoezi, na wameshaambiwa ni nyumba ile. “Tuvumilie, Alhamisi tutabadilisha.” Nikajibu ndiyo, baba. Nimekasirika.

Zabroni anashauri tumwambie mama asitupikie. Nikamwuliza kama mama yake mzazi angekubali. Akajibu hapana, kwa sauti ya chini. Kwake ni tukio.

Jumapili, 12 Februari
Ibada. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza: kama picha ya mtoto ilibandikwa Jumanne, ikabanduliwa huku mimi nakunywa uji? Na ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaniuma.

Jumanne, 14 Februari
Sikungoja pikapu. Nilitembea, nikamkuta Mama Kasimiri akichochea moto wa wageni.

Nikamwambia: leo mimi si mgeni, mimi ni kaka yako. Nyumba ina mtu. Nenda.

Alinitazama. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. “Kaka, uji usiuunguze.” Kitenge begani, akaondoka karibu anakimbia.

Nikauunguza. Wafadhili walifika na Mchungaji na Zabroni, wakanikuta nalia kwa moshi.

“Mwenye nyumba yuko wapi?” akauliza Mchungaji.

“Ametoka, baba. Karibuni. Mimi ni kaka yake.”

Nilishaona jina langu likifutwa kwenye kozi. Mchungaji akavua kofia, akaketi. Zabroni naye, Mungu ambariki, akaanza kunisikiliza kana kwamba ndimi mwenye msiba. Nikamsimulia kwa Kiswahili kizito kifo cha ng'ombe wetu mwekundu. Hakunikatiza hata mara moja. Wafadhili hawajui Kiswahili. Walitikisa vichwa kwa huzuni. Bibi jirani, ambaye anakijua kidogo, alicheka mpaka akakaa chini.

Mchungaji alimaliza kikombe chote cha uji ulioungua. Pikapu iliondoka kabla mama hajarudi.

Jumatano, 15 Februari
Baada ya darasa nimepita kwake. Sikuingia, nilisimama nje ili asiazime kigoda. Alikuwa anachambua maharage.

Jana, akaniambia, alifika mapema, kabla hawajamaliza kubandika picha. Alizitazama zote. Akarudi mwanzo, akazitazama tena.

Ya Kasimiri haikuwepo.