Harusi Inayongoja Ubingwa wa Roma

Agathe, Mama Gloire wa mlango wa pili anadai Nathanaël alisema saluni, mbele ya wanaume wote, kwamba atanioa mwaka ambao Roma watachukua ubingwa. Ubingwa wa Italia, Agathe!

Nikamwambia, mama, mchumba wangu hawezi kusema hivyo. Nikavaa koti, nikapanda basi mpaka saluni hiyo, kule Tottenham, kumsafishia jina. Ujinga wangu huo.

Sijafunga hata mlango, kinyozi akaniita, "Shemeji, pole! Wiki iliyopita sare tena, harusi imesogea!" Wakacheka wote. Kumbe wanafuatilia tangu msimu uanze. Roma wakishinda nashonewa gauni, wakifungwa narudishwa kwa baba.

Nathanaël alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikangoja akatae. Unajua ninavyojua kungoja, mwaka wa nne huu. Akasema, "Vumilia, mama. Timu bado inajengwa. Miaka miwili, mitatu, utaona."

Miaka mitatu! Uso uliniwaka. Na aibu kubwa zaidi ni hii: ile Jumapili waliyoshinda alinipigia simu akiimba, nami nikafurahi mpaka usingizini, nikidhani ananiimbia mimi.

Nikasema mbele yao, "Nathanaël, taja mwezi. Mwezi tu."

Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Hata wale waliocheka wakamgeukia Nathanaël, wanamngoja. Yeye akainua macho kwenye runinga. Mpira ulikuwa umeanza.