Panzi Abaki au Bi Mkubwa?

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi asubuhi anakuja mtu kuchukua gari na mimi ndiye niliyemwita, na sasa natamani asifike, na sina wa kumwambia haya kwa sababu wote ambao ningewaambia nimewadanganya.

Mimi ni mjane wa miezi saba. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo utanisamehe nikichanganya mambo. Kazi yangu ni kushona viti vya magari na mapaa ya turubai, yale ya magari yanayofunguka juu, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini. Tulifanya kazi banda moja nyuma ya nyumba tunayopanga, yeye upande wa mlango na mimi upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga. Paa la gari huwezi kulishona peke yako, lazima mtu wa pili asimame upande wa pili avute kitambaa, akivuta sana mshono unakwenda upande, akilegeza linaingiza maji, na kwa miaka ishirini na sita aliyenivutia ni yeye. Alikuwa anaacha injini ya mteja anakuja, mikono yake ya grisi ameifunga matambara asinichafulie kitambaa, na anauliza, "Mama watoto, leo nivute kwa adabu au kwa ugomvi?" Nami namwambia, "Kwa adabu, baba, turubai halijakukosea."

Tulikuwa na magari mawili yetu wenyewe, yote ya kufunguka paa, tuliyoyapata yakiwa mabovu tukayafufua polepole. Moja ni dogo, jekundu, la kasi, la viti viwili tu, limelala chini hata ukikaa ndani unaona magoti ya wapita njia. Hilo tuliliita Panzi kwa sababu likiondoka linaruka. Jingine ni kubwa, la kifahari, rangi ya maziwa, na viti vyake vinne vya ngozi nilivishona mimi kwa miezi miwili, mlango wake ukifungwa husikii kishindo, unasikia kama mtu mzima anayeketi. Hilo tuliliita Bi Mkubwa. Mume wangu alikuwa akiwaambia wateja kwamba ana wake wawili bandani na wa tatu kwenye cherehani, na huyo wa tatu ndiye pekee anayemfokea.

Bi Mkubwa alikuwa wa kazi, anabeba maharusi, na dereva wake ni mwanangu wa kwanza, ambaye ana mke na mtoto na riziki yake ni hiyo. Panzi alikuwa wetu sisi wawili. Kila Jumapili alasiri tulifungua paa tukaenda mpaka lami inapoishia, tukageuza, tukarudi, hatukuwa na tunakokwenda. Mimi sijui kuendesha. Nilikaa upande wangu nimeshika kitambaa cha kichwa, yeye akiimba vibaya. Hakuvuta sigara, kwa hiyo kwenye kile kisahani cha majivu aliweka pipi za mnanaa, na kabla ya kona yenye mashimo alikuwa ananinyooshea moja bila kuniangalia. Sijui kwa nini kabla ya kona ile. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa mwenye nyumba ametuambia, kwa upole kabisa, kwamba anahitaji nusu ya banda, mwanawe anarudi na anataka kujenga chumba. Kwa hiyo gari moja lazima liondoke. Kuliacha nje haiwezekani, paa la turubai likilala mwaka mmoja juani na mvuani limekwisha, hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaita kikao sebuleni kwangu. Tulikuwa yeye, mwanangu na mkewe, na binti yangu anayesomea uuguzi. Mwanangu alisema taratibu, "Mama, mimi naona Panzi auzwe. Bi Mkubwa ndiye anayefanya kazi."

Binti yangu akamrukia, "Kaka, unasema hivyo kwa sababu usukani ni wako."

"Na wewe unampenda Panzi kwa sababu hujawahi kumwosha."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani tangu msiba, na mimi nikafurahi, nikadhani mambo yataisha vizuri. Ndipo shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye hospitali. Marehemu aliacha neno lolote?"

Mshauri, hakuacha neno. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa kuhusu mto. Alisema, "Mama, mto huu mgumu, hebu nitafutie mwingine," nikatoka, nikazunguka wodi mbili, nikapata mto laini wenye foronya ya buluu, niliporudi alikuwa ameshaondoka. Hayo ndiyo yote. Lakini pale sebuleni watu wote waliniangalia, na mimi nikafumbua kinywa nikasikia kinasema, "Alisema Panzi asiuzwe. Alisema tukibanwa, aende Bi Mkubwa."

Mwanangu akasema, "Mimi aliniambia vingine, mama."

"Lini?" shemeji akauliza.

"Siku tulipobadilisha breki, kabla hajalazwa. Alisema, 'Mimi nikiondoka, Panzi naye aondoke, huyo ni mchezo wangu na mama yako. Bi Mkubwa nakuachia wewe, huyo ndiye kazi.'"

Hapo ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Nikatazama vidole vyangu.

"Neno la mwisho ndilo neno," akasema shemeji.

Na mwanangu akaitikia, "Sawa, baba mdogo. Basi alibadili mawazo. Pengine aliona sitaweza."

Kesho yake alikuja akamwosha Bi Mkubwa nje na ndani, akapaka ngozi mafuta, akaweka funguo juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama, kila kitu kiko sawa, hata taa ya ndani nimebadilisha, mnunuzi asipate la kusema." Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Anakuja mkewe na mtoto. Wiki iliyopita mkwe wangu aliniambia tukiwa tunachambua mchele, "Mama, siku hizi mwenzangu haongei. Juzi ananiuliza, 'Hivi mimi baba nilimkosea wapi?'" Nikamwambia atazoea. Mshauri, nilisema hivyo, atazoea.

Jambo jingine nikuambie, maana nimeshaanza. Tangu tumzike sijafungua paa la Panzi hata mara moja. Ndani mna harufu yake, grisi na mnanaa, na naogopa nikifungua itatoka yote kwa siku moja. Huwa naingia mchana nikipumzika kushona, nakaa upande wangu, nafunga mlango. Juzi nimeona ukungu kwenye mshono wa nyuma, nikaufuta kwa kanga nikatoka.

Sasa naomba uniambie, nibaki na lipi, Panzi au Bi Mkubwa? Nikisema ukweli watoto wangu wataniona nani, mama anayemsingizia maiti? Na nikinyamaza, Jumamosi ndiyo hiyo. Nisaidie, mimi akili yangu imesimama.

Wa Tatu Bandani

*

Mama,

Pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye foronya ya buluu. Mto uliupata. Hukuchelewa kwa uzembe, ulikuwa unamtumikia. Hilo liweke moyoni, kwa sababu mengine nitakayosema si matamu.

Umeniuliza habari za magari na nitazijibu, lakini ngoja kwanza.

Ulitaka kitu, ukaona haya kukitaka, ukamtuma marehemu akakuombee. Si wewe wa kwanza. Mjane akisema "mume wangu alisema," sebule nzima inainamisha kichwa. Akisema "mimi nataka," watu wanaangalia saa. Na huyo shemeji yako naye ajiulize kwa nini alitafuta neno la aliyekufa kabla ya kuuliza la aliye hai mbele yake. Ulikuwa na haki ya kusema, "Panzi namtaka mimi." Ungesema hivyo, wangebishana nawe, pengine ungeshindwa, na kila mtu angelala nyumbani kwake akiwa mzima.

Lakini tazama ulichofanya badala yake. Mwanao alimzika baba yake mara moja, wewe ukamzikisha mara ya pili, na mara hii umemwandikia kwenye kaburi: sikukuamini. Marehemu hawezi kunyanyuka akakanusha. Na kijana wa watu hakugombana nawe, hakukuita mwongo ingawa alijua alichosikia kwa masikio yake. Aliamua kujidharau yeye kuliko kukushuku wewe. Akaosha gari. Akabadilisha taa. Mama, mtoto wa namna hiyo unamwambia mkewe kwamba atazoea? Azoee nini?

Unaogopa watakuona nani. Watakuona mama aliyekosea. Wameshakuona hivyo, siku ulizowachapa kwa kosa la mtoto wa jirani, na bado wakakua na bado wanakuja kula kwako. Binti yako anaweza akanuna. Shemeji atakohoa, atasema mambo ya heshima ya marehemu. Mwache akohoe.

Sasa magari. Panzi aondoke, Bi Mkubwa abaki.

Wala sisemi hivyo kwa sababu mumeo alisema siku ya kubadilisha breki. Nasema kwa sababu ya barua yako mwenyewe. Gari la viti viwili, na wewe hujui kuendesha, na kila siku unakaa upande wako unafunga mlango. Unamsubiri nani? Jumapili zile hazikuwa za gari, zilikuwa za dereva. Kama ungeniandikia kwamba umeanza kujifunza usukani, ningekuambia bila kupepesa macho, baki na Panzi, mwanao ni mtu mzima, atatafuta gari jingine la kuendesha. Hukuandika hivyo. Uliandika kwamba unafuta ukungu kwa kanga. Wewe, fundi wa mapaa wa miaka ishirini na sita! Mteja akikuletea turubai lililofungwa miezi saba lina ukungu kwenye mshono, ungemwambia nini? Nadhani ungemfokea. Basi jifokee. Ukungu hauchagui kula kitambaa ukaacha harufu ya mtu, unakula vyote, na wewe umemweka mumeo ndani ya kitu kinachooza kisha unaita kumtunza.

Bi Mkubwa ni tofauti. Viti vile ni mikono yako, na vinalisha mjukuu wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Yule mtu wa Jumamosi mpigie leo, mwambie umeghairi, umwombe radhi, asije. Usimpe sababu ndefu, watu hughairi. Mwenye nyumba mwombe wiki chache; aliyekuambia kwa upole atakusikia kwa upole. Panzi mfungue paa mchana wa jua, umkaushe, umsafishe kama gari la mteja unayemheshimu. Utalia. Lia ukiwa kazini, kazi inasaidia. Pipi zilizobaki ondoa, ni zako, hazimo kwenye mauzo. Kisha mtafutie mtu atakayemwendesha, si wa kumfunika turubai akamwonyesha wageni.

Lakini hayo yote ni baada ya mwanao. Usimwite kwako, mwenye kosa ndiye anayefunga safari. Usipeleke chakula, usianze na mambo ya majonzi na presha. Akikufungulia mlango mwambie, "Baba yako hakubadili neno. Mimi ndiye niliyetunga." Halafu nyamaza. Akikasirika usimtulize, ana haki yake. Akitoka nje, msubiri ndani. Akikuuliza kwa nini, mjibu kama ulivyoniandikia mimi. Na wiki hiyohiyo kikao kirudiwe, sebule ileile, watu walewale, maana uongo uliosemwa mbele ya wanne haufutwi mbele ya mmoja.

Usingoje jibu langu jingine, sina la kuongeza. Kuna mtu mzima mahali fulani anajiuliza alimkosea wapi baba yake, wakati baba yake alimwamini mpaka dakika ya mwisho. Wanaolijua hilo ni wewe na mimi tu, na mimi sijui anakoishi.