Majani Yanayokutana Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimecheka kazini. Fundi wa tanuru aliacha kupanga vikombe akaja kuchungulia chumba cha wachoraji, kulikoni. Miezi saba hajanisikia nikicheka, tangu nimzike mume wangu.

Sababu ni sahani. Miaka hii yote kiwanda chetu kinauza sahani za kijivu, tupu kama anga la mvua, kwa kuwa ndiyo fasheni. Mimi na marehemu, wachoraji wa mkono, tulibaki na oda ndogondogo za wazee wanaopenda maua. Leo amekuja mnunuzi wa vyombo vya hoteli, mama wa miwani ya kamba, akatoa sahani kwenye mkoba — yetu! Kaiokota kwenye vyombo vya mtumba. Buluu, majani yanapanda pande mbili za ukingo mpaka yanakutana juu.

Anasema watu wamechoka na sahani mapacha. Sasa wanataka sahani ndugu: zifanane sura, zisifanane tabia. Mashine haiwezi hilo, mkono unaweza. Anataka sita za mfano Ijumaa ya wiki ijayo.

Baadaye bosi akanieleza taratibu, maana ana huruma yule. Zikipendwa, chumba cha wachoraji kinabaki. Zisipopendwa, mashine ya kubandika stika inaingia humu na mimi nahamia kwenye kufunga maboksi.

Sitaki maboksi. Lakini nimecheka.

Jumanne, 4 Machi

Furaha ilinisahaulisha jambo dogo. Majani ya kulia ni yangu. Ya kushoto yalikuwa ya marehemu, naye alikuwa wa mkono wa kushoto. Tulikaa bega kwa bega, sahani katikati, kila mtu na upande wake. Yeye alimaliza kwanza siku zote. Basi alinisubiri pale juu, brashi hewani, anaguna wimbo usio na maneno, ili majani mawili ya mwisho yagusane kwa pamoja.

Leo nimechora pande zote mwenyewe. Majani yote yameinama upande mmoja. Hayakutani, yanapeana mgongo.

Nimefuta. Nimechora. Nimefuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kwa mkono wangu wa kushoto. Fundi wa tanuru katazama muda mrefu, kisha akauliza kwa heshima zote kama ni samaki.

Tumecheka mpaka tukashika meza. Si ya kuchekesha hata kidogo, muda unakwisha, lakini siku hizi kicheko kinanijia kama kwikwi.

Brashi ya marehemu bado imo kwenye glasi yake dirishani. Siku moja aliisuuza kwenye chai yangu kwa bahati mbaya, nami nikainywa bila kuangalia. Meno yalikuwa buluu mpaka jioni. Alinisindikiza nyumbani akisalimia watu kwa niaba yangu, ili nisifungue mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike haya vizuri.

Nilileta sahani mbovu nyumbani nifanye mazoezi mezani. Mama mkwe alikuwa ananishonea kifungo cha gauni. Toka tumzike mwanawe anaongea maneno machache, tena ya lazima: chumvi, mlango, kesho. Leo kaja nyuma yangu, kaangalia, kasema, "Mwanangu, majani yako yanakimbizana kama kuku waliomwagiwa maji."

Nikamwambia upande ule ulikuwa wa mwanawe, mimi siuwezi.

Akakaa. Akachukua brashi. Nilikuwa natazama sahani, sikutazama mkono. Jani likatoka nene tumboni, jembamba ncha, limeinama kuelekea langu. Baya kidogo. Lakini limeinama kunakotakiwa! Ndipo nikatazama mkono: wa kushoto. Na sindano ya kifungo aliishika kwa mkono uleule. Miaka kumi na tisa nakaa na mama huyu, sijaona.

"Mama, wewe ni wa kushoto?"

"Sasa yeye mkono ule aliutoa wapi? Sokoni?"

Akanieleza kwamba shuleni mwalimu aliufunga mkono ule kwa utepe kwenye kiti, mwaka mzima. Kuandika akajifunza kwa kulia. Kushona na kumenya aliendelea kwa kushoto, mgongo ukiwa umegeukia watu.

Tumechora mpaka chakula kikaungua. Tumekula kilichoungua.

Jumanne, 11 Machi

Bosi karuhusu. Nilimwambia ninamleta msaidizi mwenye uzoefu. Uzoefu wa siku tatu, lakini hakuuliza.

Mama mkwe amevaa gauni lake la kwendea hospitali. Alipofika kwenye kiti cha mwanawe alisimama, akakipangusa, akakaa. Brashi ya dirishani aliichukua mwenyewe. Mimi nisingethubutu.

Fundi wa tanuru haishi kupita. "Bibi, mkono mtamu huo." Mama mkwe: "Na wewe angalia moto wako, usije ukaungua mdomo." Kapita tena baada ya dakika tano.

Sahani tano zimekubali. Ya sita — mama mkwe hasubiri mtu. Alifika juu kabla yangu, akaendelea tu, jani lake likapanda juu ya langu. Nikasema tufute. Akasema, "Liache. Amechoka, amejiegemeza."

Sikufuta.

Alhamisi, 13 Machi

Zimeingia tanuruni asubuhi. Sina la kufanya. Nimepiga deki chumba mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi mbele ya tanuru.

Mnunuzi kafika saa nne, na tanuru bado lina joto. Fundi kakataa kufungua: hewa baridi ikiingia ghafla sahani zitapasuka zote. Bosi kamwomba. Kakataa. Mnunuzi anasema gari lake linaondoka saa tano. Fundi kasema gari halina nyufa, sahani zitakuwa nazo.

Saa tano kasoro kumi. Fundi amekubali kuufungua mlango upana wa kidole, si zaidi. Kamulika tochi. Anasema anaiona moja tu, ya mbele.

Ipi?

Fundi amempisha mnunuzi. Mnunuzi kavaa miwani, kainama. Bosi anajikuna shingo.

Sasa kageuka. Sura haisomeki. Anauliza, "Hii ambayo jani limelalia jingine — nani alichora upande wa kushoto?"

Mama mkwe yuko hapa kando yangu. Ameupeleka mkono nyuma ya gauni, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Namwona anataka kucheka na anaogopa.

Nimeufuata kule nyuma nikaushika. Una rangi ya buluu kwenye kucha. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza gotini, mwandiko mbaya, na siuachii.