Kopo Nililomkabidhi Mama

Kaka yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na yule mtundu wenu. Sisi tupo, ila roho ziko juu, sitakuficha.

Kile kivimbe cha tumboni mwangu daktari anataka kukikata kwa mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni. Shida ni vidonge vyangu vya kufanya damu iwe nyepesi. Alinieleza kwamba nikiendelea kuvimeza naweza kuvuja damu isizuilike, na nikiviacha, huu moyo wangu wa mapigo ovyo unaweza kurusha donge la damu kichwani. Alipima huku na huku, akaamua niviache siku chache.

Kwa kuwa mkono wangu umezoea kufungua kopo la dawa kila jioni, nilimkabidhi Mama alifiche. Alilipokea kwa mikono miwili. Unakumbuka Baba alivyoacha dawa zake kwa ubishi, akaangukia mezani, mdomo umepinda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi na cherehani yangu, sindano hainipitii mbali, ndiyo maana mkaniita Kidole. Nilitegemea damu ianze kukatika upesi. Wapi! Juzi nilichomwa kidogo tu, nikaharibu gauni la bibi harusi. Hospitali walipopima damu wakaniuliza kama kweli nimeacha vidonge. Niliapa. Wakaahirisha.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mama jikoni anasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, kikombe changu cha chai kando yake. Kumbe nilikuwa navinywa kila jioni. Kaka, nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alisema, "Baba yenu nilimwacha aache. Wewe siwezi, mwanangu." Tulishikana pale wote wawili.

Daktari nimemwambia yote, akanipangia siku nyingine. Kopo liko kwa jirani, chai najitengenezea mwenyewe. Mama anakaa mbele yangu ananitazama mdomo, hata nikipiga miayo anashtuka. Naogopa kufa, Kaka, lakini macho yake yananitisha zaidi.

Njoo kabla ya siku hiyo. Mimi nitakuwa na madaktari. Yeye atakuwa peke yake kwenye benchi.

Wabusu wote kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kidole