Moto wa Kuombewa Ruhusa

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Rehema aje nayo imefika, au ameipaka mwenyewe njiani? Namjua yule. Huku Guangzhou sisi wazima, mimi na mkweo, ingawa mkweo leo simtaji kwa heri.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu kavu. Nilikuwa na hasira, Mama, na hasira hii haitoshi kwenye simu. Nyumba kuukuu ya mtaa wa Xiaobei nilikokuwa napika mikate imevunjwa. Nikapata chumba cha duka katika jengo jipya nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, linang'aa kama jino la dhahabu. Jengo lote umeme mtupu. Gesi marufuku, mkaa ndio usiutaje. Wenyewe wanasema ni kwa ajili ya hewa safi. Sawa, hewa safi hata mimi naipenda, mapafu ninayo.

Sasa sikiliza walivyoitafuna amri yao wenyewe. Mkahawa wa chini umepewa ruhusa ya gesi, kwa kuwa karai lao linataka ndimi za moto. Hao nawaachia, wanapika kweli. Jenereta la dizeli nalo limeruhusiwa, maana lifti ikikwama na tajiri ndani, hewa safi haitamtoa. Lakini ghorofa ya pili kuna ukumbi wa chai, nao wamepewa moto wa gesi ukutani, nyuma ya kioo. Mama, hapapikwi hata yai! Moto wa kutazamwa, katika mji huu wa joto la kutokota, na kiyoyozi kinapuliza pembeni yake. Wendawazimu wenye mhuri.

Mimi nikaomba jiko moja tu la mkaa, kwenye kiwanja cha nyuma, nipalie mkate wangu wa kumimina kama ulivyonifunza, moto juu moto chini. Msimamizi wa jengo, laoban, ndivyo wanavyomwita bosi huku, mwembamba, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, akasema "meiyou". Hakuna. Nikarudi kesho yake, meiyou. Siku ya tatu nikakaa kwenye kiti chake na sikuondoka. Ndipo akakumbuka kuwa ruhusa ipo, ila ni kwa chakula kisichowezekana bila moto. Nithibitishe. Nipike mikate miwili, mmoja kwa mkaa na mmoja kwa jiko la umeme, kisha mtu anayeujua mkate wangu aonje amefungwa macho.

Nilimcheka usoni. Anayenifunza mkate ni huyu, anayekula tambi asubuhi, mchana na jioni! Nikamwambia namleta mume wangu, ameula miaka kumi na moja. Na wafanyabiashara wetu wote walikuwa wameshanisikia nikiapa: nikikosa jiko la mkaa nafunga duka, narudi Unguja.

Sefu akaja na kanzu na kofia ya viua, utadhani anakwenda maulidini. Nikamfunga macho kwa ushungi wangu mwenyewe. Akatia bismillahi, akaonja wa kwanza, akatafuna pole pole. Akaonja wa pili. Akanyanyua kidole.

"Huu! Huu ndio moto juu moto chini. Huu ndio mkate wa mke wangu."

Kaunyooshea ule wa umeme.

Laoban akaandika. Hata kucheka hakucheka, na afadhali angecheka.

Nyumbani nikamwambia, "Miaka kumi na moja nalisha ukuta?" Akanijibu, hana haya wala soni: "Mwanakombo, mimi nimeambiwa nichague wa kwako. Nikachagua uliokuwa mtamu. Wako siku zote ndio mtamu. Kosa langu liko wapi?" Huyo ndiye mume mliyenioza, Mama, wewe na shangazi, mkasema ana akili. Siku mbili sikumpa hata chai.

Nisalimie shangazi, lakini umwambie nina neno naye. Nisalimie baba mdogo Khatibu, mwadhini wetu, na shoga yangu Asha wa cherehani. Mwambie vitambaa vyake navitafuta.

Vyombo nilishaanza kuvifunga. Jana nikaona vipande vilivyobaki vya ile mikate, nimevifungia kwenye friji kwa hasira tangu siku ile. Nikafunga mlango wa duka, nikaonja cha mkaa, nikaonja cha umeme. Nikarudia. Nilitaka sana kumdharau Sefu, na laoban, na jiko lao lenye vitufe. Mama, nisamehe. Wa umeme ulikuwa mtamu zaidi.

Kwa hiyo sirudi.

Mwanao akupendaye,
Mwanakombo