Shungi Jeupe la Mteja Wangu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie mawazo kabla sijaharibu. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili, na nililelewa kituo cha yatima kwa sababu niliokotwa mlangoni kwa watu nikiwa mchanga, sina mama, sina shangazi, sina hata binamu wa kugombana naye, na kitu pekee nilichokuja nacho duniani ni shungi jeupe la nywele hapa juu ya paji, ambalo wenzangu kituoni walinitania nalo wakaniita Kizee, basi tangu nijue kupaka rangi nyeusi hakuna aliyeliona tena.

Sasa mwezi uliopita akaja mama mmoja wa makamo, mpole, akakaa, akavua kitambaa, na mshauri, alikuwa na shungi lilelile, mahali palepale. Akaniambia, "Lizibe vizuri, mwanangu. Nimezaliwa nalo, na marehemu baba alikuwa nalo." Nikajibu, "Sawa, mama," nikapaka, nikamwosha kichwa taratibu kuliko ninavyomwosha mtu yeyote, akaaga akaondoka, nami nikabaki nimeshika taulo lake nalia.

Nasoma masomo ya jioni, na mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba zipo sifa za mwili ambazo jeni moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuzionyesha. Je, huyu si mama yangu? Nikimuuliza nikakosea, nitampoteza hata huyo mteja. Nyumbani naongea na redio.

Kizee wa Saluni

*

Kizee,

Pole sana, upweke huo nimeusikia. Ila umekimbia na nusu ya somo. Ni kweli shungi la namna hiyo mara nyingi hurithiwa. Lakini jeni pia huweza kubadilika yenyewe, mtoto akazaliwa na alama ambayo kwao hakuna aliyewahi kuwa nayo, na koo zisizojuana zikawa nayo kila moja kivyake. Popo ana mabawa na kunguru ana mabawa, lakini popo ananyonyesha, kwa hiyo ni jamaa wa karibu wa ng'ombe kuliko wa kunguru. Wanaopanga viumbe kwa koo hawatazami alama moja wakafunga kesi, nawe usimwite mtu mama kwa sababu ya nywele.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu amekaa kwenye kiti chako, amekuonyesha anachowaficha watu wote, amekutajia na baba yake, halafu wewe unamjibu "sawa, mama" basi? Umemnyima nafasi ya kukujua, kisha unalilia taulo.

Nywele huota. Atarudi weupe ukianza kuchungulia. Kuanzia leo acha kujipaka rangi. Usiandae hotuba, wala usimuulize kama aliwahi kumwacha mtoto, hilo linaweza kumchoma bure. Mkalishe mbele ya kioo, simama nyuma yake kama kawaida, kichwa wazi. Akiuliza, mwambie ulizaliwa nalo na hujui ulikolitoa. Kipimo cha vinasaba kipo, lakini hicho ni cha watu wawili waliokubaliana, na kinaweza kusema hapana. Kikisema hapana, bado atakuwepo mtu mmoja anayejua ulivyo, na huyo hukuwa naye.

Chemsha chai ya kutosha wawili. Na safari hii usimpake kabla hajakutazama.