Ukungu Mweupe Kwenye Mpira wa Dripu

Makole, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" kama kawaida yako, niambie ukweli. Mimi mzima, vumbi la Dodoma halijanimaliza, ila kila nikikaa mbele ya ugali wa uwele nazikumbuka ndizi zenu za Bukoba.

Uliniuliza kwa nini nalalamikia maji. Ya kisima huku yana chumvi, sabuni haitoi povu. Mama mwenye nyumba amenifundisha: anayeyusha magadi, anayachuja mpaka yawe angavu, kisha anayamimina kwenye ndoo ya maji ya kisima, nayo angavu vilevile. Papo hapo ndoo inakuwa nyeupe kama tui. Weupe ukituama chini, anafulia maji ya juu. Shuleni tuliambiwa kwamba vitu vilivyoyeyuka majini vikikutana, vingine hushikana kwa nguvu hata maji hayawezi tena kuviachanisha, vikawa chembe zisizoyeyuka, yaani mashapo. Nilijibu mtihani nikasahau.

Wiki iliyopita nimeyaona mashapo mahali ambapo sitaki kuyaona tena maishani.

Wodini tulikuwa na kichanga kutoka Chemba, ana maambukizi. Mama yake alikuwa amelazwa wodi nyingine baada ya upasuaji, kwa hiyo aliyekaa naye ni bibi yake, Msandawe ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Daktari aliandika sindano ya kuua vijidudu. Baadaye mtoto akapata degedege, mwenzangu wa zamu ya asubuhi akaongeza dawa ya kalsiamu kwenye dripu, akaondoka bila kuweka alama kwenye chupa. Mimi nikaingia zamu, nikaona dripu angavu, dawa ya sindano angavu. Nikaanza kuisukuma sindano kwenye mpira wa dripu.

Bibi akanidaka mkono. "Nesi, acha! Maji inakuwa maziwa!"

Pale dawa zilipokutana, ukungu mweupe ulikuwa unashuka kwenye mpira kuelekea mkono wa mtoto, umebakiza kama urefu wa kidole tu. Nikafunga, nikachomoa kila kitu. Chembe zile zikiingia kwenye damu ya kichanga zinaweza kuziba mapafu yake akafa mikononi mwako.

Tukamwekea dripu mpya mkono wa pili, na daktari akambadilishia dawa. Bibi naye anaomba radhi! "Samehe mwanangu, nimekushika vibaya." Nikamkumbatia nikalia mbele ya wodi nzima, na sista mkuu, ambaye hacheki na mtu, hakunikemea.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule bibi kwa macho yake. Na wewe nakushukuru. Ulivyokuwa ukinifinya sikio nisipoitikia nikiitwa na mtu mzima, nilikuona mkali mno. Ungekuwa mpole, huenda ningemwambia, "Subiri bibi, nimalize."

Nisalimie Baba, na shangazi anayekuletea maziwa, na kaka yangu mkubwa, mwambie paa la jikoni halitajiezeka lenyewe.

Niliacha kuandika hapo, nikaitwa nje ya wodi. Bibi anaondoka na binti yake na mjukuu, wote wameruhusiwa. Mtoto analia kwa njaa, analia mpaka walinzi wanageuka. Watu wanaziba masikio, mimi nimesimama getini nasikiliza mpaka gari lao likakata kona.

Mwanao anayekupenda,
Koku